Damu Iliyo Kwenye Kadi ya Mama

Nyamirambo, Kigali
16 Februari 2026

Mdogo wangu Kaltumu,

Assalaam aleikum. Natumaini mmeamka salama na wateja wa Idi hawajakuvunja mgongo bado. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumba yetu unaijua. Inashinda kwa mama. Ukitumiwa sauti anaisikiliza yeye kwanza, kisha jirani, ndipo wewe. Maandishi haoni tena, macho yameshachoka na hiyo sukari yake. Kwa hiyo ya karatasi ni yetu sisi wawili. Abdu, dereva wa basi la alfajiri, amekubali kuyabeba pamoja na kadi.

Kadi za kukusanyia damu ndizo hizo ndani ya bahasha. Alfajiri, kabla mama hajala daku, mchome kidole. Tone la kwanza lipanguse, yanayofuata yadondoshe ndani ya miduara, uache yakauke kivulini, si juani wala karibu na jiko. Usiandike jina. Andika namba yake, arobaini na moja, na pembeni uandike sukari iliyosomeka asubuhi hiyo.

Uliniuliza tunatafuta nini humo. Wewe una patroni zako ukutani, sivyo? Patroni haiendi mezani. Unachora nakala, na nakala ndiyo inayokatwa na kushonwa. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna kazi kama hiyo, na kuna vipande vidogo mno, tunaviita microRNA, ambavyo kazi yao ni kuikamata nakala na kusema: hii leo isishonwe. Vikizidi au vikipungua, mwili unaanza kutumia sukari na mafuta ovyo. Na chembe ikiumia au ikifa, vipande vyake vinamwagika kwenye damu. Ukipita mtaani kwetu jioni ukaona mabaki ya vitambaa yaliyofagiliwa mlangoni, unajua fundi yupi kafanya kazi gani. Mimi nafanya hivyo hivyo. Kipande namba 122 kikijaa, kimetoka kwenye ini. Namba 375 kikijaa, kimetoka kwenye kongosho, kule insulini inakotengenezwa, na huenda chembe zake zinakufa. Bado ni utafiti, si kipimo cha hospitali, ila jicho langu limeshazoea.

La mwisho msomee mama kama lilivyo. Daktari amesema mwaka huu tena hafungi. Nimembembeleza mpaka tukaelewana: alfajiri za mwanzo zikiwa nzuri, mama afunge tukimwangalia. Zikiwa mbaya hafungi, atalisha maskini kama dini inavyomruhusu. Sitaki ubishi wake wala wako.

Kaka yako,
Latif


Gisenyi, 20 Februari 2026

Kaka Latif,

Aleikum salaam. Donc, basi, kazi yako huko Kigali ni kuchungulia takataka ya watu! Miaka yote ile ulisoma Dodoma, mama anajisifu mpaka barrière ya Kongo, kumbe mutoto wake ni wa kusoma kilichofagiliwa. Usikasirike, nacheka tu.

Kadi ziko humu, zilikauka muzuri. Sukari niliandika pembeni: tisini na nane, mia na mbili, mia na tano. Umeona? Mama amesema nikuambie alhamdulillahi, na daktari wako aombe musamaha. Anafunga. Ameketi mulangoni, anasalimia kila mutu anayepita, sauti iko juu. Unajua vile ilimuuma miaka ile mbili hakufunga. Alikuwa anakula jikoni, mulango amefunga na komeo, na akisikia mutu anakohoa nje anaficha sahani chini ya beseni. Sasa iko na furaha mpaka mi naogopa.

Mi niko muzuri. Kazi ni mingi, kila mama wa mutaa anataka nguo ya Idi na kila mutu anataka ya kwanza. Kiu tu inanisumbua, lakini si ndiyo kufunga?

Mudogo wako,
Kaltumu


Gisenyi, 22 Februari 2026

Umutesi wangu,

Salamu kwa mume wako na kwa Mahoko yote. Mbele ya yote, ukimaliza kusoma hii karatasi uichome. We peke yako naweza kukuambia. Tulishiriki mashine moja miaka mbili kwa mwalimu wa kushona na hujawahi kutoa siri yangu.

Nimefanya jambo. Unakumbuka nilikuambia Latif anataka damu ya mama kwenye kadi, ndio ajue kama anaweza kufunga? Asubuhi ya kwanza nilimuchoma, kamashine ka sukari kakasema mia mbili themanini. Mama hakuona namba lakini aliona uso yangu. Akasema: "Weka yako." Nikasema, mama, hii ni kitu ya hospitali. Akasema: "Mi nilikuzaa. Miezi tisa ulikula kwa damu yangu. Atapata nini tofauti humo?" Na haikuwa ujanja, anaamini kabisa. Tena alikuwa analia. Umeona lini mama yangu akilia? Hata kwa kilio ya baba alikuwa anapanga viti. Nikachoma kidole yangu mwenyewe. Tangu siku ile, kila kadi ni mi.

Dhambi iko, najua. Lakini vidonge yake anakunywa vizuri na namuangalia. Idi ikipita nitamuambia Latif.

Jambo moja la kukuchekesha: kufunga kumenipendeza mwaka huu! Kanzu yangu ya kijani nimeipunguza kiuno mara mbili, na bado inacheza. Watu wananiuliza iko mchumba gani. Ubaya ni hii kiu. Magharibi ikilia nakunywa maji mpaka mama anaficha bidoni, halafu usiku kucha ni kwenda chooni. Na ninyi na kwaresima yenu, mumeacha nyama ao munajifanya tu?

Kaltumu


Kigali, 27 Februari 2026

Kaltumu,

Assalaam aleikum. Kadi zimesomwa, na nimekaa mbele ya majibu tangu asubuhi.

Nianze na zuri. Januari nilipokuja nyumbani nilimchoma mama mwenyewe, na kadi ile ilikuwa imejaa vipande vya ini, ile namba 122. Kwenye kadi hizi vimeshuka mpaka kawaida. Iribagiza, mwenzangu wa maabara, alipiga makofi. Anasema funga imelipumzisha ini la mama, na mkubwa wetu tayari anaulizia kama tunaweza kuyatangaza. Ningependa nami nipige makofi.

Lakini namba 375 haikuwa na kelele Januari. Sasa ipo, na inapanda kadi hadi kadi. Kongosho la mtu huyu linaumia hivi tunavyoandikiana, na hapo hapo pembeni mwa kadi wewe umeandika sukari ya mtu mwenye afya kabisa. Haviendi pamoja. Nimerudia kazi yote upya nikidhani nimekosea, na jibu ni lile lile.

Nijibu bila kunificha. Mama anakonda? Anakunywa maji kupita kiasi? Anaamka usiku kwenda chooni mara kwa mara? Kama ni ndiyo, funga yake iishe leo, maana mtu wa namna hiyo akikaa bila dawa anaweza kufariki ghafla. Nitumie kadi nyingine, na sukari uandike inavyosomeka, si vile mama anavyopenda kusikia. Ikibidi nitamwomba Kayitesi, yule muuguzi wa hospitali, aje amtoe mama damu ya mshipa hapo hapo nyumbani.

Naogopa, Kaltumu.

Latif


Gisenyi, 2 Machi 2026

Kaka Latif,

Aleikum salaam. Umeuliza, najibu. Mama hakondi. Mama hanywi maji mingi. Usiku analala mpaka nimuamshe kwa daku. Naapa kwa Mungu kama hiyo yote ni kweli, unaweza kuiandika popote.

Kadi mpya ziko humu. Sukari ni mia moja, na mia moja na nne.

Usimutume Kayitesi, tafadhali. Muuguzi akiingia kwetu na koti jeupe mchana wa Ramadhani, mutaa yote itasema mama anafunga uongo. Utamuua na haya kabla ya sukari kumufikia. Niachie, niko namuangalia.

Nikuulize kitu, ni ya kutaka kujua tu. Mutu akiwa na hiyo 375, anaweza kumaliza mwezi? Anaweza, tuseme, kufanya kazi yake mpaka Idi, halafu ndio aende kwa daktari? Ao inaanza kumushika miguu? Usijibu kama huna nafasi.

Barua hii ni fupi juu macho yananichezea leo, sindano naiona mbili mbili. Ni kazi ya usiku.

Kaltumu


Gisenyi, 4 Machi 2026

Umutesi,

Namupa Abdu hii kwa dirisha, apite kwako stendi ya Mahoko kesho. Sijui nimuambie nani.

Latif alisema kadi inaonyesha kongosho ya mutu inakufa. Akaniuliza kama mama anakonda, kama anakunywa maji, kama anaamka usiku.  Si mama, Umutesi. Ni mi alikuwa ananihesabu na hajui.

Jana nilijipima. Kamashine kakasema mia nne na kitu. Nikasema kameharibika. Nikapima tena, kakaandika herufi tu, namba ikakataa. Sukari niliyomuandikia Latif ni uongo, nilitunga mwenyewe nikiwa na kalamu mukononi. Nikimuambia ukweli, mama hafungi tena maisha yake yote, na mi ndiye nitakuwa nimemufungia mulango ule wa jikoni. Acha Idi ifike. Nguo saba bado ziko mezani.

Na leo ndio imeniumiza. Nilitapika baada ya daku. Mama akaniinamia, akanusa, akarudi nyuma. Akasema: "Mudomo yako inanuka urwagwa. Mutoto wangu analewa pombe ya ndizi, na Ramadhani?" Nikaapa. Hakusikia. Amefunga mulango wa mbele mutu asiingie kuninusa, na simu ameiweka kifuani kwake. Naandika nikiwa chini, juu ya mukeka. Napumua kama mutu aliyepanda kilima ya Mudende akikimbia.

Sikunywa, Umutesi. We unajua sikunywa.

K.


Stendi ya Mahoko, 5 Machi 2026

Kaka Latif,

Hunijui sana. Mi ni Umutesi, tulijifunza kushona na Kaltumu. Abdu amenipa dakika chache, abiria wanapiga kelele, sina namba yako ya simu na Abdu anasema ya kwake imezima.

Damu ya kadi zote ni ya Kaltumu. Ya mama hakuna hata tone. Mama alimuomba, na yeye akakubali. Sukari aliyoandika ni ya kutunga, kamashine kanasema mia nne na zaidi. Amekonda, anakunywa maji usiku kucha, anatapika, na mudomo yake inanuka urwagwa. Hakunywa.

Shemeji yangu Karenzi alikuwa vile vile. Tulimuita mulevi, tukamufungia ndani alale, pombe imutoke. Hakuamka. Kwa kilio ndio daktari akatuambia kama ni sukari.

Kaltumu aliniambia nichome barua zake. Sikuchoma, ziko humu pamoja na hii, usome mwenyewe. Akinichukia anichukie. Nikienda mi, mama hatanifungulia mulango wala kuniamini, lakini we atakusikia, fanya haraka nakuomba.

Umutesi


Stendi ya mabasi, Kigali
5 Machi 2026

Kaltumu,

Acha mashine, acha nguo, acha kila kitu. Kunywa maji sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Funga yako imeisha, na hakuna sheikh atakayekuambia vinginevyo.

Najua damu ni ya nani. Hujalewa. Harufu hiyo ni ya mwili uliokosa insulini ukaanza kujichoma mafuta yake wenyewe. Ndiyo maana unapumua hivyo. Si kitu cha kulalia na si kitu cha kusubiri Idi. Ni hospitali, leo hii, kabla ya jua kuzama.

Nimepiga simu nyumbani mara tatu. Ya mwisho mama akapokea, akasema, "Kaltumu amelala, amenitia aibu, usimuulize," akakata. Nimempigia Kayitesi, yuko kwenye chanjo Cyanzarwe, anatafuta pikipiki arudi. Basi hili la Abdu limejaa mpaka mlangoni, nimeomba hata kusimama wamekataa. Nakuja na linalofuata. Abdu ameapa ataiweka barua hii mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Na mimi nisikie aibu yangu. Kadi ya Januari ni mwanamke mmoja, kadi zako ni mwanamke mwingine. Mtoto wa maabara angeliona hilo. Ini la mtu haliponi kwa juma moja. Nililiona, nikajiambia ni funga, kwa sababu nilitaka sana mama awe amepona.

Amka, Kaltumu. Nakuja.

Latif


Gisenyi, 12 Machi 2026

Kaka Latif,

Aleikum salaam. Sindano najichoma mwenyewe sasa, asubuhi na kabla ya kila chakula. Kayitesi anasema mukono yangu ni mwepesi, nikamuambia mi na sindano tunajuana siku mingi. Leo sukari ni mia moja sitini. Ni ya kweli, unaweza kumuuliza.

Ulikaa siku nne na hatukuongea hata kidogo, mama alikuwa hatoki kando ya kitanda. Donc nakuandikia yale hukuona.

Barua yako sikuisoma siku ile. Abdu alifika, akagonga, mama akasema nimelala, lete karatasi. Abdu akakataa, ni ya mukono ya Kaltumu. Mama akamuingiza ili aone vile mulevi analala. Abdu akaniita, nikakuwa sijibu. Hapo mama akasema: "Basi soma we." Abdu amenisimulia mwenyewe. Alisoma akiwa amesimama mulangoni, alipofika pale pa "hujalewa" mama akaketi chini kwenye sementi. Hakungoja mwisho. Alinibeba mugongoni, Latif, na magoti yake yanayouma, mpaka kwa basi. Abdu akageuza basi tupu, akatufikisha mpaka mulango wa hospitali, Kayitesi akatukuta pale na vumbi ya pikipiki usoni.

 

Sasa, ile Ijumaa. Ulitoka msikitini, ukaingia, ukamukuta mama saa nane ya mchana na mukate mukononi na chai juu ya goti. Ulisimama. Uliniangalia, ukamuangalia, hukuuliza. Nilijua unaogopa jibu.

Ilikuwa hivi. Kayitesi alileta sindano na chakula, akasema sindano bila kula inaua, nile kwanza. Nikasema nitakula magharibi. Kulikuwa na mama wawili wa mutaa wetu kwa kitanda ya jirani, wote wanafunga, wanatuangalia. Na mama iko pale. Miaka mbili nilimuona anajificha na sahani, mi sasa nifungue mudomo mbele yake mchana? Nikageuka kwa ukuta. Kayitesi alinisihi, akakasirika, akaenda kuita daktari.

Mama akasimama. Nikafikiri anatoka nje. Akaenda kwa mulango, akaufungua wote, akaweka kiti yake pale ambapo mutu yeyote wa korido anaona. Akachukua mukate wangu, akakata katikati. Akasema bismillahi kwa sauti, ile sauti yake ya kusalimia watu. Akauma. Akatafuna polepole, na wale mama wawili wanamuangalia, na machozi yanashuka, na hakuyapangusa. Alipomeza, akaleta nusu nyingine mpaka kwa mudomo yangu.

"Kula," akasema. "Mi nimeshaanza."

Nikala.

Tangu siku ile, hata sasa tumerudi nyumbani, tunakula pamoja mchana, na mulango uko wazi. Maskini wake wa kulisha amemupata, ni yule muzee anayeuza mkaa nyuma ya kwetu. Umutesi alikuja jana. Nilimutukana kidogo, halafu tukalia, halafu akamaliza nguo zote saba. Anashona pindo mbaya vile vile.

Humu iko kadi moja. Damu ni ya mama, Kayitesi alimuchoma na mi nilikuwa naangalia. Sukari ni mia mbili na sabini. Niliuliza mama niandike nini pembeni. Akasema niandike vile iko.

Mudogo wako,
Kaltumu